Jibu la Nne Kwenye Swali la Tatu

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye korido ya kituo cha televisheni, shati la kuazima, kiatu kimoja kimeachama, na kwenye mfuko wa suruali karatasi ambayo mwalimu hapaswi kuwa nayo. Bado nimo humo humo. Anayetegemea kwamba nimepata nafuu katikati ya wiki aweke gazeti chini akaendelee na kazi zake.

Kwa wewe unayenikuta leo, mambo yangu si marefu. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Wanafunzi wananiita Mwalimu Sufuri, kwa sababu ya alama ninazogawa. Shule yetu iko ng'ambo ya barabara kuu, na muhula uliopita gari lilimgonga mtoto wa darasa la kwanza akivuka asubuhi. Yu hai, mshukuruni Mungu. Mguu una vyuma.

Tangu siku hiyo wazazi wanataka basi la shule, na mwalimu mkuu anawajibu kwamba basi halioti kama uyoga.

Ndipo kikaja kipindi cha Taja Bei. Wiki ya walimu. Jozi mbili za walimu zinaoneshwa bidhaa, zinakisia bei, na anayekaribia zaidi bila kuzidi anachukua pointi. Zawadi ya mwisho: basi jipya la shule, viti thelathini.

Mwalimu mkuu akanichagua mimi kwa sababu ya hesabu, na Bi Irabu kwa sababu anazijua bei za sokoni. Bi Irabu amefundisha darasa la kwanza a-e-i-o-u miaka thelathini na minne, na mwezi ujao anastaafu. Mtoto aliyegongwa ni wa darasa lake. Ndiye aliyekaa naye pale barabarani akimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika.

Na karatasi? Karatasi ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni seremala wa kituo hicho. Anatengeneza meza na vibao vya jukwaani, na yeye ndiye anayebandika bei nyuma ya vibao.

"Shemeji," aliniambia nyumbani kwangu, mdomo umejaa chapati ya dada yake, "kama kusoma huwezi, hata picha huoni? Mambo ndiyo haya. Kariri, halafu chana."

Nilichukua. Nilikariri. Sikuchana. Mwalimu hana imani na kitu kisichoandikwa.

Pasi. Godoro. Feni. Saa. Basi. Vitu vitano na bei zake, kwa penseli nene ya seremala.

Haya, tuingie jukwaani.

Saa tisa alasiri, moja kwa moja hewani. Taa za pale zinachoma kama umeinamia jiko. Mbele yetu watazamaji, nyuma yetu basi lenyewe, la manjano, limefungwa utepe. Mtangazaji anaitwa Bwana Bei, kijana wa suti inayong'aa, meno yote nje.

"Walimu wangu! Mko tayari?"

"Tayari," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama yuko tayari kung'olewa jino.

Wapinzani wetu walikuwa mwalimu wa michezo mmoja, mwili nyumba, na binti mwembamba mwenye miwani, naye wa hesabu. Sura yake haikuwa ngeni. Lakini nimefundisha miaka ishirini na sita. Nikisimamisha kila sura isiyo ngeni, nitafika lini nyumbani?

Ikaletwa pasi. Wao wakaanza. Binti akasema elfu tisa.

Bi Irabu akaninong'oneza, "Elfu kumi na moja, Mwalimu. Dada yangu amenunua kama hiyo juzi juzi."

"Elfu kumi na moja mia sita hamsini," nikasema.

Kibao kikageuzwa. Elfu kumi na moja mia sita hamsini.

Makofi! Bwana Bei akaruka juu. "Mwalimu! Mpaka hamsini yake!"

Likaletwa godoro. Bi Irabu akalibonyeza kwa vidole viwili, akasema thelathini na tano. Mimi nikasema elfu thelathini na sita mia mbili. Kibao kikageuzwa. Elfu thelathini na sita mia mbili.

"Huyu si mwalimu," Bwana Bei akapiga kelele, "huyu ni duka!"

Watu wakacheka. Bi Irabu hakucheka. Alinitazama kwa pembeni.

Msidhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilisikia uchovu tu, wa mtu anayebeba gunia la mwenzake na bado safari. Nilitaka tufike kwenye basi, niitaje ile bei, nirudi nyumbani nikalale mchana kama mgonjwa.

"Bidhaa ya tatu," akasema Bwana Bei, "ilikuwa feni. Lakini walimu wangu, feni yetu imeungua asubuhi kwenye mazoezi, mmenusurika na harufu! Kwa hiyo mahali pake tumeweka... hii hapa!"

Ikaletwa saa.

Nimesimama pale. Nimesikia kwa masikio yangu mawili kwamba feni imetolewa na kitu kingine kimewekwa. Mtoto wa darasa la nne angejiuliza. Mimi sikujiuliza. Anayefikiri anajiuliza, anayeibia anakumbuka tu. Niliiona saa, nikatafuta kichwani "saa", nikaikuta.

Bi Irabu akanivuta mkono wa shati la watu. "Mwalimu, hii si kama ile ya ofisini kwetu? Niliinunua mwenyewe. Elfu tatu, na nikalia bei."

"Niachie mimi, Bi Irabu."

"Mwalimu, plastiki hiyo."

"Niachie."

Nikaishika maikrofoni. "Elfu kumi na nane mia nne hamsini."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja mstari wa mbele alijipiga mapaja. Bwana Bei akaenda akaigonga ile saa kwa ukucha, ko ko ko, saa ya ukutani, ya plastiki nyeupe, ya kuning'iniza jikoni.

"Mwalimu! Inapika na chai?"

Binti wa miwani akasema elfu tatu. Kibao kikageuzwa: elfu tatu mia mbili. Pointi yao.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nikajiambia, haya, umekosa moja, nani asiyekosa? Tena si ndiyo vizuri? Mtu anayepata kila kitu anatiliwa shaka.

Nikamtazama yule binti.

Hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja uso kidogo, kalamu imesimama juu ya kikadi chake, na nikaujua ule mkunjo. Nimeukunja mwenyewe miaka ishirini na sita, juu ya rundo la karatasi za majibu.

Niwaambie siri ya kazi yetu. Mwanafunzi aliyeibia hatumkamati kwa majibu aliyopata, tunamkamata kwa alilokosa. Aliyekosa kwa akili yake anakosa karibu na jibu, au anakosa kijinga, lakini ujinga wake una njia na unaweza kuifuata. Aliyenakili anakosa kwa jibu zuri, safi, kamili. Ila ni la swali jingine. Ameruka mstari mmoja, akaandika jibu la nne kwenye swali la tatu.

Na nani anaikisia saa ya jikoni mpaka hamsini yake?

"Bidhaa ya nne!" Bwana Bei akaimba. "Na leo ni siku ya kujua saa! Saa ya mkononi!"

Ikaja kwenye mto mwekundu. Ya chuma, mkanda wa ngozi.

Sheria ilikuwa aliyechukua pointi anaanza, na bei iliyokwisha kutajwa kwa bidhaa hiyo hairudiwi. Wakaanza wao. Mwalimu wa michezo akamwinamia mwenzake, akamnong'oneza elfu ishirini, mpaka maikrofoni ikanasa.

Binti hakumsikiliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanitazama mimi, siyo saa.

"Elfu kumi na nane," akasema polepole, "mia nne... hamsini."

"Eh!" Bwana Bei akashtuka. "Si ndiyo ile ya Mwalimu? Bei ya mzaha?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Sisi ikabidi tuseme nyingine. Bi Irabu akasema elfu kumi na nane kamili, kwa akili yake mwenyewe, mwanamke wa watu, na angeshinda siku yoyote nyingine. Kibao kikageuzwa.

Elfu kumi na nane mia nne hamsini.

Ukumbi ukalipuka. Walifikiri ni bahati. Mbili kwa mbili, mapumziko dakika tano, kisha basi.

Nilikimbilia nyuma ya pazia, kwenye ndoo ya maji. Nikaitoa karatasi. "Saa 18,450." Hayo tu. Saa gani, shemeji? Ya ukutani, ya mkononi, ya ukombozi? Hakuandika, na mimi sikuuliza. Nikaishindilia karatasi mfukoni, nusu ndani nusu nje, sikuwa na akili ya kuangalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikageuka. Binti wa miwani.

"Marahaba."

"Hunikumbuki."

"Wanafunzi ni wengi, mwanangu."

"Mkebe wa kijani," akasema. "Mtihani wa mwisho. Dawati la pili, upande wa dirisha."

Mungu wangu.

Mnisikilize, maana hili sijalisema popote, hata kwa mke wangu. Miaka kumi na minne iliyopita wasimamizi wa nje walipungua, nikaambiwa nisimamie mtihani wa darasa langu mwenyewe. Kwenye mkebe wa msichana mmoja nikakuta kipande cha karatasi chenye majibu. Alisema si chake. Alilia akasema si chake. Nikamtoa nje mbele ya wenzake, nikaandika ripoti, akafutiwa matokeo. Walimu tukampa jina, Binti Mkebe, tukalicheka ofisini muhula mzima.

"Nakumbuka," nikasema.

"Nilirudia mwaka. Kijiji kizima, shule nzima, mama yangu, wote waliamini niliibia." Hakuipandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Sikuja kugombana. Nina swali moja tu. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hakikuwa changu."

Ningeweza kusema hapana. Ulimi uko, uongo uko, na hapo nilikuwa mwongo wa siku nzima tayari. Lakini nilichoka. Kuna uchovu unaomfanya mtu aseme kweli kwa sababu uongo una kazi nyingi.

"Siku ile sikujua."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu yake. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikauona ule mwandiko. Mpwa wa mwalimu mkuu."

"Ukafanyaje?"

"Nikalifunga daftari."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayehakiki jumla aliyokwisha kuipata mwenyewe. "Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili."

"Ndiyo."

"Miezi miwili, Mwalimu."

Ndoo ilikuwa inavuja, maji yananiingia kwenye kile kiatu kilichoachama, nikayaacha yaingie.

"Bei ya basi unayo," akasema.

Nikaitazama ndoo.

"Unayo. Haya. Nikienda nikasema bei zimevuja, mchezo unavunjwa hewani, basi linarudi lilikotoka, na hakuna mtoto atakayelipanda. Si wako, si wangu. Na wangu nao wanavuka barabara. Si hiyo yenu, lakini barabara ni barabara." Akaiweka sawa miwani yake. "Kwa hiyo mimi sisemi kitu. Msimamizi ni wewe."

Akaondoka. Hata mlango hakuubamiza.

Bi Irabu akatokea upande wa pili na pochi yake kwapani. Sijui alisikia kiasi gani. Akanitazama kuanzia shati mpaka kiatu.

"Umelowa," akasema. "Twende, wanatuita."

Turudi jukwaani. Kura ikapigwa, ikatuangukia sisi kuanza. Utepe umekatwa, mlango wa basi uko wazi, viti vinanukia upya mpaka tulipo. Bwana Bei akatuambia kwamba shule zote mbili zinatazama muda huu, na kwenye kioo kikubwa wakawaonesha. Nikaiona ofisi yetu ya walimu, watoto wamejazana mpaka madirishani. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mwalimu mkuu, yule mtoto, mguu wa vyuma umewekwa juu ya stuli. Anapunga mkono. Anampungia Bi Irabu.

Jasho jembamba likanitoka. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Nikaivuta leso.

Karatasi ikaifuata.

Ikaanguka taratibu, kwa dharau, ikatua kwenye sakafu inayong'aa hatua moja kutoka kiatu cha Bwana Bei.

"Aa," akasema, bado meno nje. "Karatasi? Karatasi ya nani hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Hakikutoka kitu.

Bi Irabu ndiye aliyetembea. Hakukimbia. Aliinama, mkono mmoja kiunoni kwa ajili ya mgongo wake, akaiokota kabla kijana hajainama, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani.

"Yangu," akasema.

"Bi mwalimu... sheria hairuhusu karatasi jukwaani. Ina nini?"

"Mambo yangu."

"Naomba niione."

"Mwanangu, kilichoingia kifuani mwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa hakitolewi mbele ya kamera. Labda unitoe mimi."

Watu wakacheka. Kisha mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Akafuata mwingine. Kile kicheko kikageuka, kikawa zomea zomea, ukumbi mzima, na Bwana Bei amebonyeza kidole sikioni anasikiliza wakubwa wake wakimwambia la kufanya. Kwenye kioo niliwaona walimu wenzangu wameshika vinywa. Mtoto alikuwa ameacha kupunga mkono. Anawauliza wakubwa kitu, na hakuna anayemjibu.

Miaka thelathini na minne. Mwezi mmoja umebaki.

"Sheria," Bwana Bei akasoma, na safari hii hakuwa na meno, "mshiriki anayekutwa na karatasi anatolewa. Mwenzake anaendelea peke yake. Samahani, Bi mwalimu."

"Hapana neno."

Nikamshika mkono. "Bi Irabu, mimi nitasema. Niache niseme."

"Useme nini?" akaninong'oneza, anaitengeneza khanga yake begani kama mtu anayetoka kanisani au msikitini. "Ukisema, mchezo si umekwisha? Nimemsikia yule binti wa watu. Na mimi nitakuwa nimezomewa bure? Mwalimu, mimi nafundisha watoto wa miaka sita. Mtoto akificha kitu najua kabla hajafika mlangoni. Tangu pasi nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu mimi nilishika kile kichwa pale barabarani. Wewe ulikuja baadaye." Akautoa mkono wangu mkononi mwake, taratibu, kidole kwa kidole. "Bei unayo. Itaje, mtoto apande basi. Mimi nitajijua."

Akashuka ngazi tatu. Mzee mmoja wa watazamaji alimtemea mate pembeni ya njia. Hakugeuka. Aliutazama mlango, akaufuata mpaka ukafungwa nyuma yake.

Nikabaki mimi na basi.

"Mwalimu," Bwana Bei akasema, sauti ya mazishi, "uko peke yako. Una sekunde kumi. Taja bei."

Niliijua. Mpaka hamsini yake niliijua. Nikiitaja sahihi, mtoto anapanda, na Bi Irabu anastaafu kwa jina la mwizi. Nikikosa makusudi, basi linakwenda kwa binti niliyemnyang'anya mwaka wa maisha yake, na Bi Irabu amezomewa bure. Nikisema kweli, hakuna anayepanda.

"Nane," Bwana Bei akahesabu.

Binti wa miwani alikuwa amekunja mikono. Hakunitisha, hakunihurumia. Alikuwa anangoja tu. Ana miaka kumi na minne ya kungoja, haraka ya nini?

"Sita."

Nikaishika maikrofoni. Ilikuwa ya moto.

"Kabla sijataja bei," nikasema, "kuna jambo nataka..."

"Mwalimu," Bwana Bei akanikata, akatikisa kichwa kwa huruma, "hapa hatupokei jambo. Tunapokea bei tu."

"Niache niseme, kijana, ile karatasi..."

"Bei tu, Mwalimu. Tatu."